Safari ya Bwera Bila Injini

Kitu cha kwanza niungame mwenyewe, maana mkikisikia kwa kaka yangu Baluku atakitia chumvi mpaka kiwashe ulimi. Nikiwa darasa la pili niliiba gari la mbio. Lilikuwa la kwetu, kwa hiyo wizi wenyewe ni wa nyumbani, na halikuwa na injini. Niliteremka nalo mteremko wa Bulembia nikiwa na sufuria kichwani, bundu baridi, ugali wetu wa muhogo, mapajani na kuku wa mama kiti cha nyuma, nikielekea Bwera. Kuku hakuombwa ruhusa. Kama kuna mtu wa kuombwa msamaha katika habari hii, ni yeye.

Nililikumbuka jambo hili juzi hapa shuleni. Lori lilileta kuni za jikoni, dereva akafungua mlango ili ashuke, na harufu ikatoka mbele yake: sponji ya kiti iliyopikwa na jua, petroli iliyozeeka, na kitu kama panya aliyestaafu. Wenzangu walikuwa wakimtania dereva kwamba lori lake linakohoa. Mimi ndiye huanzisha matani, mnanijua, lakini siku hiyo nilinyamaza mpaka jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia ndiyo. Tumbo linaelezeka haraka kuliko gari.

Tulikaa Bulembia, katika moja ya zile nyumba za safu zilizojengwa enzi za mgodi, juu kidogo ya mto Nyamwamba. Nyumba zote zilifanana, ila yetu ilikuwa na gari uani. Lilikuwa gari fupi la milango miwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua, na taa zake zilijificha ndani ya boneti kama macho ya mtu anayejifanya amelala. Zamani lilikuwa jekundu. Mimi nilipolijua lilishakuwa na rangi ya maini ya mbuzi. Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza nyani aliliacha kwenye gereji mjini Kasese, akarudi kwao, gari likabaki na mvua. Injini iling'olewa ikapelekwa Munkunyu kufungwa kwenye kinu cha kusaga mahindi. Baba alikuwa akisema watu wa Munkunyu ndio peke yao Uganda nzima wanaokula ugali wa kasi.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kazini aliendesha magari makubwa, mazito, yenye matope; moyoni aliendesha magari ya mbio. Alilivuta hilo boksi kutoka gereji mpaka uani kwetu akalifungia matairi yaliyochoka, akalitegea mawe mbele na nyuma. Majirani walipomuuliza litaenda wapi bila injini, aliwajibu, "Nyinyi ngojeeni tu." Mpaka leo wanangoja.

Jumapili baada ya Misa ndipo tulipolipanda. Baba kwenye usukani, Baluku pembeni yake kama msoma njia, mimi na dada yetu mdogo Muhindo nyuma kati ya mayai, kwa sababu kuku wa mama alikuwa ameamua kwamba kiti cha nyuma ni hospitali ya kuzalia. Baba alitufundisha yote. Kwamba dereva wa mbio ana macho ya mbali, lakini kona haioni, anaambiwa. Kwamba gari la mbio unalisikiliza kwa matako kwanza, masikio baadaye. Muhindo, ambaye alikuwa hajaacha kukojoa kitandani, alilisikiliza kwa matako kwa bidii kubwa, na kiti kilikuwa shahidi.

"Nipe njia!" Baba alikuwa akipiga kelele.

"Kushoto kali!" Baluku anajibu. "Nyoosha! Daraja! Kulia, kulia, kuna ng'ombe!"

"Ng'ombe ya nani?"

"Ya padri!"

"Basi tuipite na heshima!"

Sote tunalala upande mmoja, tunainuka, tunalala upande mwingine. Mama alikataa kabisa kuingia. Alisema hawezi kukaa ndani ya kitu kinachonuka panya akiwa amevaa gomesi ya kanisani. Lakini katikati ya safari alitokea dirishani na sinia kichwani, akifanya kama wale wachuuzi wanaokimbilia magari yakisimama Kikorongo.

"Chai, bosi! Yai ya moto! Ndizi!"

"Mama, hii yai yako iko na sura ya mwaka jana," Baba anamwambia.

"Na gari yako iko na sura ya mwaka gani? Nunua uende, unafungia wateja njia."

Tunakunywa chai ndani ya gari, madirisha yanaingia ukungu, Muhindo anachora kwa kidole. Kisha Baba anatangaza tumefika. Kila Jumapili mji wake. Tulifika Kigali, tulifika Kinshasa. Mombasa tuliingia kabla chai haijapoa, na Baba akatuonyesha bahari, ambayo kwa macho yasiyo na imani ni choo cha jirani.

Mara moja alitupeleka kuona mbio za kweli. Magari ya mbio yalipita kwenye barabara ya vumbi huko vilimani na watu walijipanga kwenye kingo kama siku ya kumpokea askofu. Kwanza unasikia sauti, inapasuka pasuka kama mahindi kwenye kikaango, halafu kimya, halafu gari linatoka kwenye kona limejipinda ubavu, mawe yanaruka, na unapofumbua macho limeshakuwa vumbi. Vumbi lile nililitafuna. Lilikuwa na ladha ya petroli na majani ya kahawa. Baba alikuwa amembeba Muhindo mabegani, na machozi yalimtoka mpaka kidevuni. Nilimwambia Baluku kwamba Baba ameingiwa na vumbi. Baluku alinitazama jinsi kaka wakubwa wanavyowatazama wadogo wao, akasema, "Weye ni mujinga sana," kwa upendo kabisa.

Halafu Baba akapata kazi Bwera. Lori la tajiri mmoja lilikuwa likipokea mbao na mafuta ya mawese mpakani, na tajiri alitaka dereva anayelala hukohuko. Baba alifunga begi. Mama akampigia pasi mashati. Mwanzoni alirudi kila Jumapili, na safari zetu ziliendelea. Baadaye ikawa Jumapili moja moja. Kisha ikawa simu.

Nyumba nayo ikaanza kupungua watu. Baluku akapelekwa shule ya bweni. Mama akaanza kuuza samaki wakavu sokoni Kasese, akawa anaondoka na umande na kurudi giza likishaanza kuingia, akinuka chumvi. Muhindo, kwa kuwa hakuna wa kumshika mchana, akapelekwa kwa nyanya yetu huko Nyakalengija. Nilibaki mimi, kuku na gari.

Nikitoka shule nilikuwa naingia garini na kufunga mlango. Nilijiita nje na kujiitikia ndani. Nilikuwa msoma njia kwenye kiti cha kushoto, kisha naruka kwenda kulia kuwa dereva, na nikichelewa kuruka tunapata ajali. Nilikuwa pia mchuuzi: natoka nje, nagonga dirisha, "Chai, bosi!", naingia ndani, namjibu. Hakuna mtu dirishani. Ukifanya hivyo mara mbili ni mchezo. Ukifanya kila siku, hata kuku anakutazama kwa jicho moja, kisha anageuza kichwa kukutazama kwa lile lingine ili ahakikishe.

Wakubwa wa mtaani walikuwa wema kwangu wakati huo, na nilidhani ni kwa sababu ya uzuri wangu. Nikipita kwa Mama Kavira, yule Mkongomani wa Butembo aliyekuwa akianika muhogo kando ya barabara, nikamwambia, "Baba yangu iko Bwera, atakuja na injini," alikuwa ananitazama kidogo, anafuta mikono kwenye kitenge, kisha ananipa ndizi. Fundi viatu nikimwambia hivyo alinipa pipi. Nikagundua biashara. Nikawa namtaja Baba kila nilipoona njaa.

Mara ya mwisho aliyokuja alivaa shati jipya ambalo halikupigwa pasi na Mama. Mikunjo yake ilikuwa mahali pengine. Jumapili nilimvuta mkono mpaka garini. Akaketi kwenye usukani. Nami, kwa kuwa Baluku hayupo, nikapanda cheo, nikaketi mbele.

"Kushoto kali!" nikasema.

Baba alikuwa akitazama simu. Usukani haukusogea.

"Baba, kushoto! Kuna shimo!"

"Mm."

"Baba, tumeanguka."

"Eh?" Akainua macho. "Pole, dereva wangu. Pole sana."

Akanipapasa kichwa akarudi kwenye simu yake. Tulikufa wote wawili siku ile, chini ya korongo, na mwenzangu hakujua. Mama hakuja dirishani. Nilimwona amesimama mlangoni na sinia, kisha akaingia nalo ndani.

Baada ya hapo ilibaki sauti tu. Mama alikuwa akimpigia jioni, wakati mwingine anapokea, na mimi nikapewa simu niseme neno. Neno langu lilikuwa moja: utakuja lini?

"Njia ya huku si mchezo, dereva wangu," alisema siku moja. Nyuma yake nilisikia redio, na mtoto akilia. Nikadhani ni mtoto wa jirani. "Ningekuwa na gari ya mbio, ningekuwa hapo saa hii. Nakuambia kweli. Saa hii."

Nikamrudishia Mama simu, nikaenda kukaa kizingitini, nikafikiri. Jamani, mbona ilikuwa wazi hivyo? Mombasa tulifika kabla chai haijapoa. Bwera ilimchukua Baba miezi. Kwa hiyo Bwera ilikuwa mbali kuliko Mombasa, mbali kuliko Kinshasa, huko ambako lori la kawaida linachoka, linalala, linazeeka njiani. Baba wa watu alikuwa amekwama kwa kukosa gari la kasi. Na gari la kasi lilikuwa hapo uani, na kuku analikalia!

Suala la injini lilinisumbua kwa muda mfupi tu, kwa sababu Baba mwenyewe alikuwa ameshalimaliza. Madereva wa kwetu wana desturi ya kutia furii: wakiteremka kilima wanatoa gia, wengine wanazima kabisa, gari linajiendea lenyewe na mafuta yanabaki. Kutoka Bulembia mpaka mjini ni mteremko. Nilipokuwa nikipanda lori na Baba, alizima injini hapohapo juu kwetu, tukateremka kimya tukisikia upepo na mawe ya mto, na kila mara alisema, "Unaona? Hapa injini tunaibeba bure." Alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu. Kufika Kasese injini haihitajiki. Kutoka Kasese mbele nilipanga kuomba watu wasukume, maana wakisikia ni gari la Baba hawatakataa. Watanipa na ndizi.

Nilijaza matairi upepo kwa pampu ya baiskeli ya Baluku, kidogo kidogo kila nikitoka shule, mpaka mikono ikatetemeka nikashindwa kushika kalamu. Siku yenyewe nilifunga bundu na sombe, yaani kisamvu, kwenye jani kwa ajili ya Baba, nikavaa sufuria kama kofia ya dereva, nikachukua jembe nikang'oa mawe ya mbele. Gari halikwenda. Nikalisukuma na mgongo, nikalitukana kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, nikaliomba kwa jina la Bikira Maria. Nilipoketi kwenye usukani na kushusha ile breki ya mkono ndipo lilipotoa sauti ndefu, kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda, likasogea.

Mwanzo ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Lilitoka uani taratibu likapita mlango wa jirani, na jirani alikuwa akinawa miguu, akasimama na mguu mmoja hewani. Nikampungia mkono. Kisha likaona barabara. Kumbe mwili wote ule uliolala miaka yote ulikuwa unakumbuka. Upepo uliingia dirishani, vumbi la kiti likainuka, kuku akaamka akajua mambo yameharibika, na mimi nikapiga kelele "Kushoto kali!" na mimi mwenyewe nikakata kushoto, na ikakubali! Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Baluku aondoke nilicheka sauti ikatoka nje. Nikatafuta breki ya mguu. Mguu ukazama mpaka sakafuni bila kukutana na mtu.

Muhogo wa Mama Kavira ulikuwa umeanikwa pembeni kwenye mikeka, mweupe, umetulia. Uliokuwa umekauka alikuwa ameutwanga, uko kwenye gunia wazi. Gari lilichukua mikeka, likachukua gunia, likaingia pua kwenye mtaro na kukaa. Sikuona kitu. Dunia nzima ilikuwa unga. Sufuria ilikuwa imenishukia mpaka puani na mdomo ulikuwa na damu.

"Mungu wangu! Mutoto ya benyewe amekufa!" Mama Kavira alikuwa akilia. Nilipotoa kichwa dirishani, mweupe kama mzimu, akabadilika palepale. "Ah! Hajakufa! Weye mutoto, iko na wazimu? Muhogo yangu! Shetani weye, nitakula nini mimi na batoto yangu?"

Vijana wa boda walikuwa wameshafika. Hao hawakosi msiba.

"Dereva, Kasese unafika saa ngapi?"

"Kondakta iko wapi?"

"Kondakta si huyo," mwingine akasema, kuku alipotoka kwa dirisha la nyuma akiwa mweupe naye, akikokota bawa. Wakacheka mpaka mmoja akalala kwenye pikipiki yake.

Mmoja wao alikwenda kumleta Mama kutoka sokoni. Sikutoka garini. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikingoja, nikipiga hesabu ni fimbo ya mti gani. Mama alishuka pikipiki akiwa bado na aproni yenye magamba ya samaki. Alinitazama mdomo, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama nyanya ya kununua. Meno yalikuwepo. Akavuta pumzi, na mkono ukapanda. Nilifunga macho.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Bwera."

Mkono ukabaki juu.

"Kufanya nini Bwera?"

"Kumpelekea Baba gari. Anasema njia ni mbaya. Anasema angekuwa na gari ya mbio angekuja."

Nilifumbua macho kwa sababu ya kimya. Wale vijana wa boda waliokuwa wakicheka walikuwa wakitazama matairi ya pikipiki zao. Mmoja alikohoa. Mama Kavira, aliyekuwa akikusanya muhogo na kuhesabu hasara kwa sauti ya kuamsha wafu, aliacha. Alimtazama Mama, kisha akatazama upande wa mto.

"Basi, mama Baluku," akasema polepole. "Tuache tu. Muhogo si kitu."

Nilishangaa. Muhogo ulikuwa kitu dakika ile ile iliyopita! Nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Mama hakunipiga. Alimkamata kuku, akamweka kwapani, akachukua lile furushi la jani ambalo lilikuwa bado mapajani kwangu, akalifungua, akaona bundu, akalifunga tena vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. Kisha akanishika sikio. Tulipoanza kupanda kurudi nyumbani sikio likawa bega, na bega likawa mkono. Njia nzima niliongea mimi. Nilimweleza kosa lilikuwa breki, kwamba usukani umekubali vizuri, kwamba tukienda Munkunyu kuwaomba wale watu injini yetu, wao wanaweza kusaga kwa mkono kwa muda, na safari ijayo tutaondoka mapema, na yeye atapanda mbele.

Nyumbani alinivua nguo uani, mahali ambapo gari lilikuwa. Palibaki mstatili wa udongo mkavu, na majani meupe yasiyowahi kuona jua. Akaleta beseni. Alinimwagia maji akaanza kuniondoa unga kichwani. Ulikuwa umeshaanza kuganda, nusu ya kupikwa. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima na maji yalikuwa baridi, na mtaani walikuwa wakiita watoto wao ndani, jina moja moja.

"Mama," nikasema, "tukipata ile injini, mpaka Bwera tutalala njiani mara ngapi?"

Mkono wake ukasimama kichwani kwangu. Kisha ukaendelea kusugua, polepole, nyuma ya masikio, na aliponijibu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha teksi.

"Bwambale, mutoto yangu," alisema, "Bwera ni saa moja."